Siku Niliyomupigia Goti Mama Mukwe

Mama mukwe wangu alipenda kunikuta nikiwa kazini. Asubuhi ile nilikuwa napindua ndagala kwenye muchanga, pale uwanjani, kati ya nyumba za barabarani na nyumba za ziwani, mikono yote inanuka samaki. Nikamuona anakuja na kikapo chake. Nikaweka ufagio chini, nikapangusa mikono kwenye kikwembe, nikapiga goti, nikamupokea kikapo. Nikamuuliza kama ameamka salama, kama mugongo umetulia, kama jana alikula. Yeye hakuwa na haraka. Alijibu moja moja, mimi niko chini, na alipomaliza ndipo akanigusa bega nisimame. Kisha akaangalia ndagala zangu, akasema iko na muchanga mingi, nani atakula hii, kuku?

Jina lake lilikuwa Mwamini. Alikaa peke yake kule ziwani, kwenye nyumba aliyoachiwa na marehemu bwana yake. Mimi na watoto wanne tulikaa huku barabarani. Katikati ni ule uwanja, hatua kama mia mbili, hauna muti wala ukuta. Mume wangu Ramadhani alikuwa ameshuka kusini kwa mutumbwi na wavuvi wenzake vurugu zilipoanza, akakwama Kigoma. Siku ya kuondoka aliniambia neno moja tu: mama yangu nakuachia wewe.

Tulikuwa bado tunabishana juu ya ule muchanga tuliposikia kitu kama bati limeanguka. Pale kwenye robine ya maji, muuza mawese mumoja alikuwa amesimamisha baiskeli anywe maji. Akakaa chini polepole. Tulifikiri amechoka. Bido yake ilitoboka, mawese ikamwagika nyekundu kwenye udongo, na hatukujua mapema kama si mawese peke yake.

Hivyo ndivyo ilivyoanza.

Yule mutu mwenye bunduki alikuwa kwenye mulima juu ya barabara, ndani ya michikichi. Hatukumuona hata siku moja. Wengine walisema ni wa upande huu, wengine wakasema ni wa upande ule, na kila mutu alisema kwa sauti ya chini. Siku zingine alinyamaza kabisa mpaka tukafikiri amekwenda. Kisha bati linaanguka tena. Alipiga mwanamuke aliyekuwa anafunga kikwembe vizuri. Alipiga muzee aliyesimama kuwasha sigara. Watu wakaanza kusema hakosi, anachagua jicho analotaka, bunduki yake iko na kioo cha kulengea kinachoona kupita mulango. Hatukuanika nguo tena, juu ya kuogopa asijue nyumba gani iko na watu. Watoto walikojoa kwenye kopo. Mimi nilisali jikoni, nyuma ya ukuta wa matofali. Nikiwa nimesujudu moyo ulitulia. Nikisimama niliona mwili wangu umekuwa mukubwa kupita nyumba.

Jirani yetu Damasi alikuwa askari zamani, kabla ya mguu wake wa kushoto kuharibika. Sasa alisaga mihogo. Ni Mukristo, lakini watoto wangu walimuita baba mukubwa. Yeye alikaa nyuma ya kinu chake, akasikiliza. Akatufundisha kwamba risasi inapita kwanza na mulio wake, halafu ndipo sauti ya bunduki inafika. Alihesabu nafasi ile ndogo katikati, akasema yule mutu iko mbali, mita mia nne, labda mia tano.

"Huyu si fundi," alituambia. "Bunduki ni ya kawaida, na kwa mbali vile inatawanya risasi. Amekosa mara nyingi, lakini nyinyi munahesabu waliokufa tu. Mutu anayetembea hamupati. Anapata aliyesimama."

Mwanamuke mumoja akamuuliza kama anamusifu ao anamutukana. Damasi akajibu kwamba anamupima. Akaongeza kwamba asubuhi ni mubaya, maana jua linatoka nyuma ya mulima na sisi tunaonekana vizuri. Alasiri jua linashuka upande wa Kongo, linamupiga machoni. Basi muvuke alasiri, na musisimame.

Hiyo ikawa sheria ya mutaa. Imamu alitangaza kwamba salamu ijibiwe mutu akiwa anatembea, Mungu anajua nia. Tukaanza kupishana pale uwanjani kama watu wasiojuana, macho chini, midomo inatikisika. Kila alasiri nilimupelekea mama mukwe chakula, nikiweka sahani na kurudi mbio. Nilimuomba ahamie kwangu. Alikataa. Alisema nyumba ya marehemu haiachwi kwa sababu ya muhuni mumoja.

Alasiri moja nikamukuta katikati ya uwanja, anatoka kwa jamaa yake. Wanawake walikuwa wanaangalia kutoka nyuma ya kuta. Nikasema assalaam aleikum, mama, nikamupita. Sikupiga goti. Sikumupokea kikapo.

Yeye akasimama palepale.

"Magoti yako iko mugonjwa, mukwe wangu?" akauliza, kwa sauti ambayo kila mutu alisikia.

Sikugeuka. Nilitembea huku mugongo unaniwasha, nangoja bati lianguke. Halikuanguka. Alifika kwake salama, polepole, akiongea peke yake.

Kesho yake sahani yangu ilikaa nje ya mulango wake bila kuguswa. Na kesho kutwa. Alinitumia maneno kupitia watu: kwamba hakujua kama mutoto wake alioa mutu anayepita wakubwa kama anapita kisiki, na kwamba kwa mutu wa hivyo hawezi kulala hata mvua ikinyesha ndani. Hapo nikaogopa kwa namna ingine. Ramadhani aliniachia mama yake, na sasa angekufa kule ziwani peke yake, kwa risasi ao kwa njaa, akiwa amenikasirikia. Radhi ya mama mukwe si kitu kidogo. Ningemujibu nini Ramadhani? Ningemujibu nini Mungu?

Siku ya nne nilivuka alasiri, nikakaa chini kwenye mulango wake uliofungwa. Nikasema yote. Nikamueleza maneno ya Damasi, mita mia nne, aliyesimama na anayetembea. Ndani nasikia anakohoa tu. Mwisho nikasema, "Mama, unisamehe. Nitakupigia goti popote tutakapokutana. Njoo tu nyumbani."

Alikohoa tena. Nikarudi.

Kesho yake asubuhi nilikuwa mulangoni namwaga maji ya vyombo. Nikatazama uwanjani.

Mama mukwe alikuwa anakuja.

Kwetu mutu akitaka kupatana anakuja asubuhi, kabla hajala. Alikuwa amevaa kitenge chake cha Idi, na furushi la nguo kichwani. Alikuwa anahamia kwangu. Alikuwa anatembea kama anavyotembea siku zote, hatua, pumziko, hatua.

Jua lilikuwa nyuma ya mulima.

Nikakimbia.

Nilifikiri nimushike mukono tu, nimuvute. Nilipomufikia alisimama. Ndiyo, alisimama, akanitazama usoni, akangoja.

Nilikuwa nimeahidi.

Nikapiga goti. Nikanyoosha mikono nipokee furushi. Nikamusikia anacheka kidogo, akasema, "Kumbe imepona." Akaweka mukono kwenye bega langu.

Kitu kilipita juu ya kichwa changu, kama mutu anapasua kitambaa.

Halafu ndipo nikasikia bati.

Alinikalia mapajani, na furushi lake likatuangukia wote wawili. Sikumbuki nani alituvuta. Wanasema ni Damasi, na mguu wake ule.

Tulimuosha saa sita, mimi na wanawake watatu. Risasi iliingia chini kidogo ya koo. Nilikuwa namumwagia maji, na wenzangu wanasoma, na mimi akili yangu ilikuwa inapima, sikuweza kuizuia. Mama mukwe alinizidi urefu vidole vinne hivi. Yeye alikuwa anaangalia mulima, mimi nimeupa mugongo. Mahali pale kwenye koo lake, kama ningekuwa nimesimama, ni nyuma ya shingo yangu.

Wanaume walimuzika alasiri. Walipita majini, kukwepa ule uwanja, maji mpaka kiunoni, jeneza juu ya mabega, hawakusimama njiani.

Baada ya siku tatu nilikwenda kwa Damasi. Alikuwa anasafisha kinu. Nikamuuliza jambo moja. Yule mutu alimulenga nani? Maana kama ni fundi, basi aliona mwanamuke muzee amesimama, akamuchagua yeye, na mimi goti langu halina kazi hapo. Lakini kama si fundi, kama bunduki ni ya kawaida na inatawanya, alilenga mugongo wangu uliokuwa mbele, mukubwa, na mimi nikashuka, nikamuachia mama risasi yangu.

Damasi alipangusa mikono muda murefu. Miezi yote ile alikuwa anatuambia kwamba yule mutu hajui kazi.

"Ni fundi, mama," akasema. "Alimulenga yeye. Nilikosea."

Hakuniangalia. Nikamuambia murakoze, asante, nikarudi kwangu. Nilijua anachofanya, na nilikipokea kama mutu anapokea maji kwenye musiba, hata kama hana kiu.

Baadaye yule mutu alinyamaza. Hatukujua kama alikufa, ao alichoka, ao aliitwa kwingine. Labda leo anauza simu mahali fulani, na watu wanamusalimia. Ramadhani alirudi mwaka uliofuata. Aliniuliza kama mama alikufa akiwa amenikasirikia. Nikasema hapana, alicheka, akaniwekea mukono begani. Hiyo ni kweli. Upande mwingine hakuuliza, na mimi sikumuambia. Usiku na mchana nimemuomba Mungu anionyeshe ile risasi ilikuwa ya nani. Hajanionyesha. Sasa namuombea mama tu, Mungu amupe nafasi pana kaburini. Swali lenyewe nimeliacha kwake, ingawa siku zingine nalichukua tena.

Mutoto wangu mukubwa alioa mwaka juzi. Mukwe wangu ni musichana mwenye adabu, wa Nyanza-Lac, kwao wamemufundisha vizuri. Kila akinikuta anaweka chini alichobeba, anaanza kushuka. Namushika mabega kabla hajafika chini, tunabaki sawa kwa urefu, namusalimia hivyo. Majirani wanasema amepata mama mukwe mwepesi, asiyedai heshima. Yeye mwenyewe anafikiri ni upole.