Kitambaa cha Wangare

Kiarie wa Bahati amechora mabango mengi utakayoyaona ukipita pale madukani: ya buchari, ya kinyozi, ya mashine ya kusaga unga. Kwa mkono huohuo alichora vituo vyote vya Njia ya Msalaba katika kanisa dogo la Katoliki la kwao. Hakusomea kazi hiyo. Yesu wake ana mabega ya mchimba mawe, na askari wa Pilato wanafanana ajabu na kanjo, wale askari wa mji wa Nakuru. Watu walicheka, kisha wakazoea. Kilichowashinda kumeza ni kituo cha nne, pale Yesu anapokutana na mamaye njiani.

Maria wa kituo hicho ni Wangare, marehemu mkewe Kiarie, na hakuna mtu Bahati asiyemtambua. Hilo lingesameheka. Lakini kichwani amefunga kitambaa cha buluu, kile cha akina mama wa Gildi, chama chao katika kanisa la PCEA. Hebu fikiria: Mama wa Mungu, ndani ya kanisa Katoliki, amevalia yunifomu ya Wapresbiteri! Miaka kadhaa waumini walijifanya hawaoni. Sasa askofu anakuja kubariki kanisa, na kamati imekata shauri: kitambaa kitoke, Maria avikwe shela kama Maria wengine, la sivyo kituo chote kipakwe rangi nyeupe na picha ya kununua itundikwe hapo.

Hiram, mwenyekiti wa kamati, ni rafiki wa Kiarie tangu ujana na hakutaka kumvunja moyo. Alifika kwake asubuhi na pikapu.

"Baba Abby, ingia gari," alisema. "Leo tunatembea. Nataka uone vile Maria huchorwa na watu wenye hiyo kazi."

Walianza na Mai Mahiu, kwenye kile kikanisa ambacho wafungwa wa vita wa Kitaliano walijenga walipokuwa wakilima barabara ya mteremkoni. Ni kidogo, hata arusi ya maskini haienei. Nje malori yalikuwa yakipanda kwa kunguruma. Kiarie alivua kofia akasimama mbele ya picha za ukutani, akakaa hapo mpaka Hiram akaanza kukohoa.

"Umeona shela?"

"Nimeona huyu ni bibi ya mtu," Kiarie akajibu. "Ama mamake. Huwezi kuchora uso hivi kama humjui mwenyewe. Huyu fundi alikuwa mfungwa, mbali na kwao, akamkumbuka."

"Sawa, lakini si amemvalisha shela?"

"Labda kwao ndiyo walivaa."

Hiram hakupenda jibu hilo. Wakirudi, walipokaribia Nakuru alikata kona kuingia Hyrax Hill, maana alikuwa ameahidi kutembeza na hakutaka kutembeza nusu nusu. Waliona kuta fupi za mawe na mashimo ambamo watu wa kale walikaa na mifugo yao, nyasi zimeota kila mahali.

"Sijui hawa walikuwa wanasali wapi," Hiram alisema.

"Hakuna anayejua. Na hakuna anayegombana nao."

Kiarie alisema hivyo kama mzaha, lakini moyo ulimuuma. Alipomwoa Wangare, walipatana kwa kila jambo isipokuwa Jumapili. Walitoka nyumbani pamoja, wakifika njia panda yeye akashika ya juu, mkewe ya chini. Kiarie alimbembeleza, akamnunia, akamtumia hata padre. Wangare alimkaribisha padre chai, akamwambia, "Mimi nilishabatizwa, Father. Mnataka nibatizwe mara ngapi?" Siku binti yao Abby alipopokea komunyo ya kwanza, mama alisimama nje akichungulia dirishani, na hakukanyaga ndani. Alipofariki, Gildi walimzika na kitambaa chake, wakiimba nyimbo ambazo Kiarie hakujua maneno yake. Aliona uchungu mkubwa siku ile, mume mzima amesimama penye kaburi la mkewe kama jirani aliyekuja kusindikiza wengine. Ndiyo sababu alimchora pale, mkabala na benchi lake, ili hatimaye waingie kanisa moja.

Walifika Subukia, mahali pa hija pa Bikira Maria, jua likiwa limeinama. Mahujaji walikuwa wakiteremka na mitungi ya maji ya chemchemi, wengine wakisali kwa sauti ya chini. Hiram alimsimamisha mbele ya sanamu ya Bikira.

"Sasa ona vizuri. Shela inaanguka hivi mabegani. Haifungwi kisogoni."

Kiarie aliinua kidole akaufuata mkunjo wa shela hewani. Ilikuwa rahisi. Brashi chache tu, na Wangare angekuwa Mkatoliki. Akashusha mkono. Akaketi chini, mzee wa watu, akalia mbele ya wageni.

"Siwezi, Chairman."

"Ni kitambaa tu, Baba Abby. Uso wake unabaki. Utakuwa unamwona kila Sunday."

"Nilimwomba maisha yote, akanikatalia. Nilimwomba hata akiwa mgonjwa, Mungu anisamehe. Sasa kwa vile hawezi kunijibu, nichukue brashi nimgeuze? Hiyo si kumpenda. Hiyo ni kumshinda."

"Basi atatoka kabisa, hata uso. Unajua kamati imesema."

"Najua."

Hiram aliendesha gari mpaka Bahati. Kanisani alifungua mlango, akaleta ndoo ya rangi nyeupe kutoka chumba cha padre, kisha akaona aibu kuifungua.

"Enda upumzike," alisema. "Nitaita vijana wafanye kesho."

"Hapana. Mimi ndiye nilimleta huku bila kumuuliza. Nitamtoa mwenyewe."

Kiarie alikoroga rangi polepole, akachovya brashi. Alianza na macho, ili Wangare asimwone akikifunika kile kitambaa.