Mashine Iliyonifanya Nimkaripie Mama Mkwe

Kama umeisikia hii habari mtaani, basi ulivyoisikia ni kweli. Mimi ndiye yule mzee aliyempigia kelele mama mkwe wake anyamaze, siku ya kumaliza kilio cha mke wangu, mbele ya ukoo mzima, tena mimi niliyekuwa nikiwafundisha vijana wa parokia namna ya kuwaheshimu wakwe. Wengine wanaongeza kwamba nilikuwa nimelewa. Hapana. Ningekuwa nimelewa ningepata la kusingizia. Nilikuwa nimekunywa chai.

Chanzo chake ni kompyuta, na kabla hujacheka nikueleze vizuri.

Mke wangu Henriette, akiwa hospitali katika siku zake za mwisho, alichukua simu yake akarekodi ujumbe wa sauti kwa mama yake aliyeko Kasaji. Alizungumza Kilunda, lugha ya kwao, na Kilunda changu mimi ni cha kusalimia na kuuliza kama chakula kimeiva. Alipomaliza akaniambia, kwa jina la baba wa binti yetu mkubwa kama alivyozoea kuniita, "Tata Odette, hii sauti umupelekee mama." Mama yake ni mzee sana, macho yake hayaoni tena vizuri, na simu yake ni ile ndogo ya kupiga na kupokea tu. Wakati wa mazishi mvua ilikuwa imeanza na kuharibu barabara, hakuweza kuja. Kwa hiyo mama huyu hakumzika binti yake wala hakuisikia sauti yake ya mwisho, na hiyo sauti ilikuwa mikononi mwangu.

Wewe ungefanya nini? Ungepanda pikipiki ukaenda Kasaji, ukamwekea simu sikioni, basi. Mimi nikasema hapana, jambo kama hili halipelekwi hivihivi kama salamu za sokoni, atalisikia siku ya kumaliza kilio, mbele ya watu, kwa heshima. Nilijiona mwenye busara sana.

Miezi ikapita, simu ya marehemu ikaanza kuharibika, ikawa haiwaki mpaka ichomekwe kwenye umeme. Odette, binti yetu mkubwa, ambaye kazi yake ni kompyuta katika ofisi moja hapa Kolwezi, akasema tusichezee bahati. Tuweke nyumbani seva, yaani kompyuta ya kukaa imewaka usiku na mchana, iwe ghala la picha na sauti za mama, ili wadogo zake walioko Lubumbashi na Likasi na yule aliyevuka bahari wote waweze kuingia na kuzichukua. Akaniletea ya kuazima niione. Kilikuwa kisanduku cheusi, unene wake kama kitabu cha nyimbo, unakishika kwa mkono mmoja na mwingine unakunywea chai.

"Tata, hii njo inafaa," alisema. "Kazi yake ni kuchunga bintu na kubitoa kama mutu anaomba, haiombe nguvu mingi. Inakula kuran," akaonyesha soketi ya umeme, kisha balbu iliyo juu yetu, "kama ampuli moja tu. Kuran ikienda, betri ya ile plaki ya jua ya juu ya mabati inaibeba mpaka asubuyi. Na haina feni, hautasikia kelele."

"Haina kelele?"

"Hata kidogo."

"Sasa batu batajua je kama inatumika?"

Odette alicheka, akidhani natania. Sikuwa natania. Nimemaliza maisha yangu ya kazi katika ofisi iliyo kando ya mashimo ya mgodi wa shaba uitwao Mashamba, nikiandika malori yanayoshuka matupu na kupanda na mawe, na huku kwetu mashine tunaijua kwa mwili wake na mngurumo wake, ikinyamaza tunamwita fundi. Halafu kulikuwa na wakwe. Watu watatoka Kasaji mpaka nyumbani kwangu kuisikia sauti ya mtoto wao, nami niwaonyeshe kitu kama kisahani cha sabuni? Nilikuwa nimeshawasikia kichwani: mutoto yetu amemutia mu kakopo.

Basi Odette alipotumwa na kazi yake Kisenge, nikatoka kimyakimya nikaenda kwa mfanyabiashara mmoja anayeuza vitu vilivyotupwa na maofisi. Akanifunulia turubai. Chini yake palikuwa na mashine ya chuma, pana, nzito, yenye safu ya taa za kijani upande wa mbele kama macho ya wadudu, na wanaume wawili waliibeba wakipumua kwa nguvu (na kila walivyopumua mimi ndivyo nilivyofurahi). Mchimbaji mmoja aliyekuwa akipita na mfuko wake begani akasimama kutazama.

"Tata, unafungua mine mu nyumba?"

Nilimpungia mkono kama mwenye mgodi aliyesifiwa.

Odette alirudi siku moja kabla ya shughuli. Alisimama mbele ya ile mashine bila kuvua hata viatu.

"Tata, hii ni ya kampuni. Inakaaka mu chumba ya baridi, yake pekee. Betri yetu haitaiweza."

"Ni ya batu bazima," nilimjibu.

Hakuwa na muda wa kubishana. Akaisukumia katika stoo ya nyuma, akafunga mlango, akahamisha humo sauti na picha zote. Mlango ukiwa umefungwa ilisikika kama mvua inayonyesha mtaa wa pili, si vibaya. Alipomaliza, ile simu ya Henriette haikuwaka tena. Alitaka aweke nakala ya pili mahali pengine, mimi nikamwambia aache, aende akawasaidie mama zake wadogo jikoni, nakala tutafanya baada ya wageni. Akaniomba jambo moja tu: mashine ibaki stoo, sauti yenyewe ataileta sebuleni kwa waya mrefu mpaka kwenye spika. Nikasema sawa.

Kesho yake alipokwenda misa nikawaita wanaume wawili, tukaihamishia sebuleni. Niliiweka juu ya meza yenye kitambaa kilichodariziwa, kando ya picha ya Henriette na mshumaa wake. Ilipendeza. Nilirudi nyuma nikaitazama kama altare. Odette aliporudi, wageni walikuwa wamekwisha kukaa, na alichoweza kufanya ni kunitazama.

Sasa hapa lazima nieleze jambo kwa wale wasiojua mila zetu. Kwetu sisi Waluba, na kwao Walunda pia, mama mkwe si mtu wa kuzungumza naye ovyo. Huli mbele yake, humpi mkono, hupazi sauti aliko. Ukiwa na neno unampa mtu wa katikati, naye atalifikisha, hata kama nyote mmekaa chumba kimoja. Mtu wetu wa katikati tangu nilipooa ni shemeji yangu Sylvestre, mdogo wake Henriette, anayeishi hapahapa Kolwezi na ambaye hajawahi kufikisha neno bila kulitia chumvi yake.

Mama mkwe alikuwa ameketishwa kwenye kiti kizuri kuliko vyote, mikono magotini, uso umeelekea upande aliodhani sauti itatokea. Hakuwa amegusa kinywaji. Sylvestre akatangaza kwamba sasa tutamsikia dada. Odette akabonyeza kitufe cha kuiwasha mashine.

Feni zote zikaamka pamoja. Sijui niifananishe na nini, labda lori la shimoni linalopanda na mzigo, lakini ndani ya nyumba, juu ya meza ya kulia. Upepo wa moto ukatoka upande wa nyuma, ukainua kitambaa, ukauzima mshumaa wa marehemu.

"Iii!" akasema shangazi mmoja wa upande wao. "Mwenyewe amekataa."

"Hapana, ni feni tu," nikasema, lakini nani alinisikia?

Mama mkwe akageuza uso huku na huku. "Ni lori gani inaingia mu nyumba?"

"Ni mashini ya mukwe, mama!" Sylvestre akapiga kelele. "Dada eko ndani!"

"Eko wapi?"

"Ndani!"

Odette akaongeza sauti ya spika mpaka mwisho. Nilisikia kitu, uzi mwembamba wa sauti ya mke wangu chini ya ule mngurumo, unatokea, unazama. Nilitaka kulia na nilitaka kuipiga ile mashine teke. Mama mkwe naye alikuwa ameinuka nusu, ananyoosha mkono hewani, anauliza, anauliza tena, kwa Kiswahili, kwa Kilunda, iko wapi, mbona simusikie, mumemuweka wapi, na kila alivyouliza ule uzi ulizidi kupotea. Kule jikoni wanawake, wasiojua yanayoendelea, wakachomeka resho, yaani jiko la umeme, ili wachemshe maji ya bukari, ule ugali wetu. Mimi nikamwinamia Sylvestre na nikapiga kelele kwa nguvu zote nilizobakiza:

"AMBIA MAMA YAKO ANYAMAZE! HAONE KAMA ANATUHARIBIA?"

Umeme ulikatika kabla ya "ambia". Ile resho na ile mashine kwa pamoja zilikuwa zimeizidi nguvu nyumba. Feni zikanyamaza papo hapo, na sentensi yangu yote, tangu neno la kwanza mpaka la mwisho, ikapita katika chumba kimya kama kanisa kabla ya injili. Haone. Nilimwambia mama asiyeona.

Kisha mama mkwe akakaa polepole, akatafuta fimbo yake kwa vidole, akasema kwa sauti ndogo, "Sylvestre, munipeleke kwako."

Wakaondoka wote, viti vikabaki. Odette alikwenda kuurudisha umeme, akaiwasha mashine. Ikawaka taa nyekundu mahali pa zile za kijani na kukataa kabisa. Diski, alisema. Zile diski zake ni za zamani, ndani zinazunguka, na hazipendi kuzimwa ghafla. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Nilikaa peke yangu pale sebuleni mbele ya lile dude, nikaelewa kwamba Henriette aliniachia kazi moja, kubeba kitu kisicho na uzito wowote, nami nilikuwa nimekiweka ndani ya chuma ili wakwe wanisifu.

Wazee wa pande zote mbili wakakaa kikao. Nikaamriwa nipeleke mbuzi na kitenge nikaombe msamaha kabla mama hajarudi kwao, na nilikubali kabla hawajamaliza kusema. Odette kwa upande wake aliichomoa ile diski akaipeleka kwa mwenzake wa kazi anayejua mambo hayo, na siku alizokuwa akiishughulikia nilimngoja mlangoni kila jioni. Jioni moja akaingia na kile kisanduku cheusi mkononi.

"Tumeipata, Tata. Iko humu."

Nilikichukua kwa mikono miwili. Bado kilikuwa chepesi, na sikuuliza watu watajuaje kama kinafanya kazi.

Tulifika kwa Sylvestre mchana. Alimzunguka mbuzi, akamchungulia nyuma.

"Shemeki, huyu hana feni?"

Nilistahili. Odette akaingia peke yake, maana mila hairuhusu mimi kukaa karibu hivyo, akaweka kisanduku mapajani mwa bibi yake na kukiunganisha na betri ndogo na spika. Mimi nilisimama nje, ukutani, chini ya dirisha. Hapakusikika mngurumo wala upepo. Kisha sauti ya Henriette ikatoka, kamili, na ile pumzi yake fupi ya hospitali katikati ya maneno. Mama yake alikuwa akiiitikia kama mtu anayezungumza na mtu. Iliposimama akaomba irudiwe, na tena irudiwe. Katika Kilunda chote kile nilitambua jina langu.

Sylvestre akatoka. Safari hii hakuongeza chumvi.

"Dada anasema: mama, bwana yangu njo anakuletea hii sauti. Atafika na vumbi ya njia, umupe maji ya kunawa. Na umupe asali. Anapendaka asali ya kwetu, lakini anaona haya ya kukuomba."

Henriette alikuwa na hakika kwamba nitakwenda mwenyewe, na upesi, kabla mvua haijaligeuza vumbi kuwa matope.

Ndipo kutoka ndani mama mkwe akaniita, yeye mwenyewe, bila kumpitia mtu. Haikuwahi kutokea tangu nioe.

"Mukwe! Asali iko Kasaji. Uje kuikamata."

Nilimtazama Sylvestre anijibie. Sylvestre akamtazama mbuzi.

"Ndiyo, mama," nikasema, kwa sauti ya chini kabisa, na alinisikia.

Ile mashine ya chuma sasa iko nyuma ya nyumba, kuku wanatagia juu yake. Kile kisanduku kidogo tuliishia kukinunua, kiko juu ya kabati, tena baadaye Odette akanunua cha pili kwa ajili ya nakala. Umeme wa mtaa ukikatika chenyewe hakijui, watoto wanaingia kutoka mbali wanamsikia mama yao, na mimi mara nyingine nakiwekea mkono kuona kama kina joto kidogo. Nikikabidhiwa tena kitu cha mtu nitakipeleka siku hiyohiyo, hata kikiwa ndani ya mfuko wa plastiki, na wakwe wacheke wapendavyo. Na nikiwa popote penye mashine inayonguruma, sisemi neno mpaka izime.

Kasaji nilikwenda, kwa pikipiki, katika vumbi jingi la kiangazi. Mama mkwe alisikia pikipiki ikizima uani kwake. Kabla ya salamu, kabla ya asali, alimwambia mjukuu anipe maji ya kunawa.