Kitanda cha Merv

Yule mama wa ofisi ya makazi hubisha hodi mara mbili, kisha husubiri, ingawa funguo za nyumba zetu zote anazo. Sauti imemkauka kwa kuwapigia simu wenye nyumba mchana kutwa, na viatu huvivua mlangoni kama anayetua mzigo. Jumanne alikuja kumkagua jirani yangu Merv, aliyelala chini ya daraja hapa mjini Launceston miaka minane. Ofisi humlipia Merv sehemu kubwa ya kodi, kwa sharti kwamba aishi ndani. Lakini Merv hulala barazani, kwani akilala chini ya dari anahisi kubanwa pumzi. Nilikuwa nimewapelekea chai, yule mama alipoingia chumbani akakuta shuka bado zina mikunjo ya dukani.

"Merv, baba, kitanda hiki hujakigusa."

"Nimekigusa. Juzi nilikigonga kwa goti."

"Usinichekeshe, nimechoka. Wakijua hulali humu watakata msaada, na utarudi darajani."

"Basi andika nalala, bibie. Nani atajua?"

"Uongo siandiki."

Akakaa kitandani ajaze fomu. Akaegemea mto kidogo tu, na kabla hatujamaliza chai akawa anakoroma, kalamu mkononi. Merv alileta blanketi lake la barazani akamfunika, tukatoka kwa kunyata. Baada ya saa nzima akazinduka, akazitazama shuka zilivyovurugika, akamtazama Merv aliyesimama nami mlangoni. Halafu akaandika taratibu, "Kitanda kimelaliwa," akatia sahihi.