Mwanamke Aliyemkamua Dume la Paso del Sauce

Saa kumi na moja alfajiri, Edelma Bentancur anasukuma kwa bega mlango wa ofisi ya ushirika wa maziwa wa Paso del Sauce. Kwapani amebana chupa ya maji ya moto, mkononi ana kibuyu cha yerba, majani machungu tunayokunywa kama chai, funguo kazing'ata kwa meno. Baridi ya Mei imelala juu ya nyasi, na lori la kwanza la maziwa linanguruma uani.

Anawasha kompyuta, anavuta yerba mara mbili, anaandika mstari mmoja. Jibu linarudi hata hajameza: safu ya lita imepatikana, ila namba zenyewe bado ziko kulekule zilikohifadhiwa.

"Vizuri," anaiambia kompyuta. "Kaa nazo. Nikizitaka nitasema."

Wafugaji watatu wanamsubiri dirishani na hakuna anayemharakisha. Leo ni siku ya orodha ya ng'ombe wa kuuzwa kabla ya majira ya baridi, na huku kwetu San José, jirani na Montevideo, orodha ya Edelma siku hizi haibishaniwi. Lakini mambo hayakuanza hivyo. Miaka miwili iliyopita jina lake lilikuwa kichekesho cha vijiji vyote vya jirani, na ng'ombe wazima zaidi ya mia mbili nusura waende machinjioni kwa kosa lake.

Edelma ana miaka hamsini na mitatu. Mshahara wake ni peso elfu thelathini na nane kwa mwezi, na ikifika tarehe ishirini, anasema, zimebaki za chumvi. Amekamua ng'ombe tangu ana miaka saba. Yeye na mumewe, Nelson, waliwahi kuwa na ng'ombe kumi na wanane wao wenyewe, mpaka ukame mmoja ukawafilisi. Nelson akaenda kuendesha lori la maziwa, naye akaomba kazi ya kuandika namba ushirikani.

"Nililia siku tuliyowauza, sifichi," anasema. "Wa mwisho alipanda lori bila hata kugeuka. Nikamwambia, wewe, hata kwaheri hunipi?"

Namba alizokuta ofisini zilikuwa bahari. Mashamba sitini na moja, kila mkamuo wa kila ng'ombe kwa miaka kumi na moja, mistari zaidi ya milioni thelathini. Zote zilikaa kwenye hifadhidata, na kuzipigia hesabu Edelma alijifunza R, lugha ya kompyuta ya watu wa takwimu. Alifundishwa kwa mtandao na kikundi cha wanawake wanaokutana kila Jumamosi, huyu yuko Rosario, yule Asunción, mwingine Valdivia na mtoto mgongoni.

Tatizo lilikuwa kompyuta yenyewe. Ilikuwa kuukuu, na kumbukumbu yake ndogo. Kila alipojaribu kuzileta namba zote ndani ya R, mashine iliganda kama mafuta ya ng'ombe asubuhi ya Julai. Ndipo wale wenzake wa Jumamosi wakamwonyesha njia nyingine: safu ya namba ambayo ukiitazama ndani ya R ni safu kama safu nyingine, unaijumlisha, unaigawa, unaichuja, lakini namba hazijahama. Zimebaki kwenye hifadhidata. Kinachokaa mkononi mwako ni jina tu, na hesabu haifanywi mpaka uitake.

"Huwezi kuingiza kundi zima jikoni ili umjue mwenye homa," Edelma anaeleza. "Unaita jina pale mlangoni, anakuja mmoja. Wengine waache wale majani."

Majani, kwa bahati mbaya, ndiyo yaliyokosekana. Mwaka ule mvua ilikatika Oktoba na kufika Aprili ilikuwa bado haijarudi. Kijiji kizima hakikuwa kimekaanga maandazi hata mara moja, maana sisi huku hukaanga maandazi siku ya mvua, na mvua haikuwepo. Mkutano wa ushirika ukakata shauri: ng'ombe mmoja kati ya kila kumi auzwe machinjioni, ili majani makavu yaliyobaki yawatoshe wengine. Wachaguliwe wale dhaifu kwa maziwa na kwa afya. Kazi ya kuwachagua akapewa Edelma.

Alichukua safu ya namba za masikio, zile za hereni za ng'ombe, akachukua safu ya lita, kisha afya ya kiwele, kisha umri. Akazipanga ubavu kwa ubavu kama alivyofanya mara nyingi, na Jumatatu asubuhi akaibandika orodha ukutani ghalani, wa kuuzwa na wa kubaki. Malori yalikuwa yaje Alhamisi.

Mtu wa kwanza kuisoma kwa makini alikuwa mzee Wáshington Techera, mjane wa miaka sabini na moja mwenye ng'ombe arobaini na tatu na ulimi usiopumzika.

"Bi Edelma," alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye matangi, "hapa umeandika Caudillo wangu anatoa lita thelathini na moja kwa siku."

"Hongera, mzee."

"Caudillo ni dume, mama. Nimemfuga miaka sita. Hebu niambie, nimkamue wapi?"

Ghala zima likaangua kicheko. Mmoja akaulizia bei ya jibini la Caudillo. Mwingine akasema jibini hilo wazee wasipewe, litawaletea matatizo nyumbani. Kufika saa sita mchana, habari ilikuwa imevuka mto.

"Nilicheka nao, ningefanyaje," Edelma anakumbuka. "Halafu kicheko kikanikauka. Nikajiuliza, kama dume kapewa maziwa ya ng'ombe fulani, nafasi tupu ya dume kapewa nani?"

Akapitisha kidole kwenye orodha. Jina la kwanza kabisa la kupelekwa machinjioni kutoka zizi la Wáshington lilikuwa Garúa. Kwenye safu yake ya lita hapakuwa na kitu.

"Mzee, Garúa anatoa kiasi gani?"

"Ishirini na nane, na huu ukame. Yule ndiye anayenilisha mimi. Kwa nini?"

Hapo Edelma akaelewa. Alikuwa amewaandikia ng'ombe wazima hukumu ya kifo, na hakujua ni wangapi.

Wapo ambao wangejifungia ofisini kwanza na kurekebisha kimyakimya. Yeye alichukua simu, akaandika kwenye kundi la ushirika: "Orodha ya Jumatatu ni mbovu. Msipakie ng'ombe hata mmoja. Kosa ni langu." Mficha uchi hazai, na Edelma ni mwanamke wa kusema.

Meneja wa ushirika, Nybia Olascoaga, hakumpigia kelele. Alimpa tu hali halisi.

"Malori ni ya Alhamisi. Tukiyakosa, zamu nyingine ni Juni, na majani hayafiki Juni. Hapo watakufa hao wote, wazuri kwa wabaya. Nipe orodha ya haki Jumatano saa sita mchana, la sivyo kila mtu achague kwa macho."

"Kwa macho mimi nitachagua ng'ombe wa jirani," akadakia Wáshington.

Edelma alianza kwa kukosea tena. Alijaribu kuzileta namba zote ndani ya mashine azipange mwenyewe. Ikaganda. Akaiwasha upya, ikaganda tena. Jumanne yake nusu ikawa imekwenda na maji.

Mwenzake mmoja wa Jumamosi, yule wa Valdivia, alipompigia simu alimuuliza swali moja tu: uliziambia hizo safu zije kwa mpangilio gani? Edelma akafungua mistari aliyoandika. Hakuwa ameziambia.

"Hifadhidata haijui foleni," ananifafanulia, akinisogezea kibuyu. "Sisi watu wa R tumezoea kwamba wa kwanza ni wa kwanza na wa pili ni wa pili. Kule hakuna wa kwanza. Usipotaja mpangilio, inakupa inavyoona rahisi saa hiyo. Siku mia moja inakupa vilevile, unazoea, unajiona fundi. Siku ya mia na moja mtu mwingine naye anaisoma, basi inaungana naye alipofika, inaanzia katikati. Nikachukua lita zilizoanzia katikati nikazibandika kwenye masikio yaliyoanzia mwanzo."

Dawa ilikuwa kuziacha namba mahali pake na kufunga kila safu kwenye kamba moja: namba ya sikio. Lita, kiwele, umri na mimba, zote zifuate sikio, na zipangwe hukohuko kwenye hifadhidata kabla haijatoka hata moja. Alizijenga upya safu zote, moja baada ya nyingine.

Kisha akafanya jambo ambalo mimi nalipenda kuliko yote. Alimpigia daktari wa mifugo wa mjini, ambaye ofisi yake hutumia hifadhidata hiyohiyo, akamwomba amsumbue.

"Nikusumbue vipi?"

"Isome, daktari. Isome tena na tena, usiiache ipumue."

Daktari akasoma. Edelma akaijaribu njia yake ya zamani, na mara ya tatu tu madume wakaanza kutoa maziwa. Akaijaribu njia mpya: madume bila lita, ndama bila lita, kila ng'ombe na lita zake. Akairudia mpaka daktari akaomba ruhusa akale.

Hata hivyo hakuiamini mpaka isemwe na binadamu. Wáshington, aliyekuwa amekuja kuendeleza matani, alijikuta amekaa kwenye kiti cha pembeni akipiga simu shamba baada ya shamba. "Coqueta wako alitoa ngapi jana? Kumi na tisa? Haya, kalale." Edelma alitazama kwenye skrini: kumi na tisa. Wakaendelea hivyo hadi Jumatano, na hakuna hata mmoja aliyepishana.

Saa sita mchana haijagonga, orodha mpya ilikuwa ukutani. Kati ya ng'ombe mia tatu na themanini wa Jumatatu, mia mbili na sita walikuwa wameondolewa wabaki mazizini. Garúa akiwemo, na nafasi zao zikashikwa na wale dhaifu kweli.

Alhamisi malori yakaja. Wáshington alipakia wanne, wazee na wagonjwa, na hakufanya utani siku hiyo. Lakini walikuwa ndio wenyewe, na kila mfugaji aliyesimama pale alijua hivyo. Majira ya baridi yakapita bila zizi hata moja kufungwa. Agosti mvua ilirudi, na harufu ya maandazi ikatoka kila dirisha la kijiji. Niseme ukweli, tulikula mpaka tukaugua.

Edelma hakuishia hapo. Aliandika kifurushi kidogo cha R, programu fupi inayokataa katakata kuweka ubavu kwa ubavu safu mbili zisizofuata kamba moja. Wafugaji ndio waliokipa jina: Caudillo. Leo kinatumiwa na vyama vya ushirika vitano na maabara moja ya maziwa kule Entre Ríos.

Mwaka jana aliitwa Montevideo kuzungumza mbele ya ukumbi uliojaa watu wa takwimu. Alipanda jukwaani na sketi yake ya kanisani, akasema: "Habari za asubuhi. Mimi ndiye niliyemkamua dume." Walipiga makofi kabla hajaonyesha hata safu moja. Nelson, aliyekuwa kiti cha nyuma, anasema yeye alipiga meza kwa kuwa mikono haikutosha.

Na Garúa akazaa mtamba. Wáshington alimlea mpaka akashika mimba, halafu mwezi uliopita akamvuta kwa kamba hadi mlangoni kwa Edelma.

"Mzee, mimi sina hela ya mtamba."

"Nani anakuuzia? Mama yake yuko hai kwa sababu ulikubali kuchekwa. Pokea, kamba inanikata mkono."

Nelson alizunguka nyumba nzima siku ile akitafuta kigoda cha kukamulia, na mtamba hata hajazaa. Mpango wa Edelma ni kufikisha ng'ombe sita kabla ya kustaafu, akamue alfajiri, kisha aje kwenye safu zake.

Leo, orodha ikiwa imekwisha kubandikwa, imebaki kazi moja. Sheria ya ushirika hairuhusu mfanyakazi kugusa mstari wa ng'ombe wake mwenyewe. Kwa hiyo Wáshington anakaa kwenye kiti cha Edelma, anavaa miwani, anafungua mstari wa yule mtamba, anafuta jina lake mwenyewe na kuanza kuandika la mwenye mpya kwa kidole kimoja.

"Bentancur ni kwa B au kwa V? Kwa mdomo wetu zote ni moja."

"Kwa B, mzee. Unanijua tangu nazaliwa."

Anaandika, anahema. Kidole kinasita kwenye safu inayofuata.

"Na hapa kwenye lita? Pako wazi."

Edelma amesimama nyuma yake, mikono miwili juu ya mgongo wa kiti. Macho yamejaa, naye hayafuti.

"Paache wazi," anasema. "Septemba akizaa nitakuja na ndoo mkononi, wewe utakaa hapo, mimi nitakutajia."