Nilivyowaficha Wazungu kwenye mikorosho ya Lionja wasiibiwe, tukawa wezi sisi

Wakuu, poleni na majukumu. Hiki kisa sikusimuliwa, nilikuwepo mwenyewe na fimbo niliziona kwa macho yangu haya mawili. Wale wa "leta picha" naomba mkae kwanza, wakati ule mikono yangu ilikuwa juu.

Mimi ni fundi umeme wa magari, mjini Ruangwa. Kwetu Singida. Huku nilimfuata shemeji aliyehamishiwa kikazi, shemeji akaondoka, mimi nikabaki. Huu mwaka wa sita.

Sifa yangu ni alarm na kufuli. Gari nikilifunga mimi, hata mwenye gari akipoteza rimoti lazima anitafute kwa unyenyekevu.

Sasa msimu uliopita wa korosho, asubuhi tu, likaingia gereji dude la ajabu. Gari-nyumba. Nje linafanana na lori dogo la kijivu, lina vidirisha vidogo vyenye mapazia meusi. Ndani kuna kitanda, jiko, sinki, choo, mpaka kabati la viatu. Aisee, mimi ghetto langu halina nusu ya vile vitu.

Wenyewe ni mzee mmoja wa Kiholanzi anaitwa Piet, na mkewe Anneke. Wastaafu. Wametoka mbali kwa barabara na walikuwa wanaelekea Msumbiji.

Tatizo lao ni kwamba nchi fulani huko nyuma, sitaitaja, walivunjiwa kioo wakiwa sokoni wakaibiwa laptop na dawa za presha za mzee. Tangu hapo hawana amani. Mama wa watu mtu akikohoa karibu na gari anashtuka.

Walikuwa na kidaftari cha masharti. Usimwambie mtu unalala wapi. Usilale panapoonekana. Usimfungulie mlango usiyemjua.

Mimi nikaona hawa ndio wateja wangu sasa. Nikawafungia alarm ambayo ukiligonga gari tu linapiga kelele kama mnada wa mitumba. Komeo la ndani juu, komeo la ndani chini. Kazi safi kabisa.

Wakati nafunga, Anneke alikuwa anajifunza Kiswahili kwa vijana wa gereji. Yeye anaambiwa "hodi", anajibu "karibuuu". Siku nzima. Ilifika mahali tukimsikia tu tunacheka.

Wakaniomba niwasindikize upande wa Nachingwea, niwatafutie sehemu iliyojificha wapumzike siku tatu kabla ya kuvuka mpaka.

Nikawapeleka Lionja. Tukaacha barabara, tukafuata kinjia, tukazama katikati ya mikorosho mpaka barabara haionekani. Kivuli cha kutosha, chini pamefagiliwa vizuri. Nikasema hapa hata mbu itabidi aulize njia.

Wakuu, naomba mnisaidie kucheka.

Ni msimu wa korosho. Kila mtu huku anajua shamba likifagiliwa maana yake korosho zinaanguka na mwenyewe anakuja kuokota. Na lori lenye mapazia meusi likijificha shambani msimu kama huu lina maana moja tu kichwani mwa mkulima: kangomba, wale wanaonunua korosho kwa kificho, au wezi kabisa waliokuja kubeba.

Mimi, mtu wa Ruangwa ninayekula kwa jasho la wakulima wa korosho nilipaswa kulijua hilo. Lakini akili yangu ilikuwa kwenye makomeo.

Ilipofika kama saa tisa alasiri wazee wa Kiholanzi wamejifungia ndani wanapumzika. Mimi niko nje nimekaa kwenye ngazi ya gari, nakula bibo, lile tunda la mkorosho, lililoanguka. La watu! Hata sikujiuliza.

Nikaona watu wanatokea upande huu. Kugeuka, wengine upande ule. Wanaume kama kumi na tano, wana fimbo, wawili wana panga. Wametulia kabisa, hawapigi kelele. Hicho ndicho kilichonitisha.

Mmoja akainama akaangalia chini ya tairi. Akaokota korosho mbili tulizozikanyaga wakati wa kupaki, akawaonyesha wenzake.

"Fungua mlango tuone mlichobeba."

Nikasema hatujabeba kitu, kuna wageni wamelala. Akaniuliza mgeni gani analala saa tisa porini. Swali zuri tu.

Akaligonga gari kwa fimbo. Alarm ikaitika!

Kazi yangu mwenyewe wakuu. Shamba zima likajua. Waliokuwa mbali nao wakaja mbio, sasa wakiwa na hasira zaidi, maana gari linalolia hivyo lazima lina kitu cha kuficha.

Nilikimbilia dirishani nikamwomba Piet afungue waone ndani hakuna korosho. Mzee akanitazama kupitia upenyo wa pazia, na lile jicho silisahau. Alikuwa anahesabu. Nani aliwaleta huku? Fundi. Nani anajua kufuli zote? Fundi. Nani yuko nje na watu wenye panga? Fundi huyo huyo. Akafunga pazia.

Nje mimi mwizi, ndani mimi mwizi. Nilishawahi kuona mwizi wa korosho alivyofanywa kule kijijini Nkowe. Jamaa mmoja tayari alikuwa ameokota jiwe analipima na kioo.

Hapo akatokea mwenye shamba. Mama wa makamo, anaitwa Mama Zuhura, ndoo ya korosho kichwani, na hasira zake hazikuhitaji fimbo. Wiki ile ile alikuwa ameibiwa gunia zima.

Nilizima alarm kwa rimoti. Akaniuliza, "Hii ni gari au nyumba?"

"Nyumba, mama. Wanaishi humu, mtu na mkewe."

Akawageukia wale wanaume. "Sasa nyumba ya mtu na mkewe mnaipiga fimbo? Hodi mmeisahau lini?" Akamwambia yule wa jiwe aliweke chini. Akaliweka.

Akatua ndoo, akajifunga khanga vizuri, akasogea mlangoni.

"Hodi! Hodi wenyewe!"



Halafu kutoka ndani tukasikia, "Karibuuu!"

Wallahi wakuu. Komeo la juu, tak. Komeo la chini, tak. Mlango huo wazi, na Anneke amesimama pale, yeye mwenyewe hajui kwa nini amefungua. Nyuma Piet amejishika kichwa.

Mama Zuhura alivua kandambili ndipo akaingia. Akachungulia kila kona, hakuna korosho hata moja. Tukasikia anauliza, "Sufuria ndogo hivi, ugali wanausongea wapi?" Wanaume nje wakacheka, na kicheko kile kiliniokoa maisha.

Akatoka akanitazama. "Hawa wageni wa nani?"

"Wa kwangu."

"Na wewe mgeni wa nani?"

Nikamwambia niko Ruangwa mwaka wa sita.

"Miaka sijakuuliza. Nimekuuliza ukipatwa na jambo hapa, tumwite nani?"

Nikawaza. Wateja ninao. Namba za simu ninazo tele. Lakini mtu wa kuitwa? Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta simjui jina. Nilitazama chini, niliona aibu kweli kweli.

"Basi nyote wageni wangu," akasema, na kubeba ndoo yake.

Tulihamishia gari uani kwake. Tukaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, majina yakaandikwa. Jioni hiyo hiyo kijiji kizima kilijua kuna wazee wa Kizungu kwa Mama Zuhura. Ile siri ya kidaftari ikafa hapo.

Na usalama ndio ukaanza. Mtu akipita karibu na gari, watatu wanamuuliza anatafuta nini. Piet alisahau simu kwenye ngazi, alipoirudia hakuikuta, presha ikapanda. Kumbe Mama Zuhura ameiingiza ndani kuku wasiidonoe.

Si mnajua mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe? Siku ya tatu wazee wale walipewa ndoo wakaokote korosho. Siku ya kuondoka Piet alinishika mkono, akaniomba radhi kwa lile jicho. Nikamwambia hata mimi ningejiangalia vile.

Wakuu, sisemi msifunge milango. Wezi wapo, mjini funga, alarm weka, na ukitaka nzuri njoo kwangu. Ila ukiwa ugenini na gari lako, hasa vijijini, usijifiche. Fika mchana, ulizia kwa mwenyekiti, salimia, uwe mgeni wa mtu. Mtu asiyejulikana alipo hata akipotea hakuna wa kumtafuta.

Mwezi uliopita Mama Zuhura alifiwa na kaka yake. Nilifunga gereji, nikachukua bodaboda mpaka Lionja. Nilisimama pembeni ya makaburi kama watu wa kuja. Kijana mmoja akatoka shimoni anahema, akanipa jembe. "Zamu yako," akasema, akaenda kunywa maji.

Marehemu sikuwahi kumwona hata siku moja. Nilichimba huku machozi yananitoka.

Haya, uwanja ni wenu. Na wewe uliyehamia mbali na kwenu, kabla hujaandika chochote hapa, nitajie jina la jirani yako.