Godoro la Watu Wawili, Kibenga hadi Kigoma

Sikusafiri kutafuta mali wala kukimbia risasi, ingawa miaka ile kila aliyetoka Bujumbura na mzigo alionekana mkimbizi. Nilisafiri kutafuta mahali pa kulala na mume wangu. Msicheke kwanza, ngojeni niwaeleze.

Mtaa wa Carama ulipokimbiwa kwa sababu ya vita, mama yangu alihamia kwetu, mtaa wa Cibitoke, pamoja na watoto wawili wa marehemu kaka yangu. Nyumba yetu ina vyumba viwili vilivyotenganishwa kwa pazia. Kwetu mwanamume halali chini ya paa moja na mama mkwe wake. Mama mkwe akimsikia anakoroma, hiyo ni aibu ambayo hakuna anayejua kuisafisha. Basi Fideli, mume wangu, fundi wa injini, akawa anakula chakula cha jioni nje, kwa haraka, kisha anawahi garajini kabla ya saa za marufuku kutembea. Huko alilala ndani ya lori lililong'olewa injini, amejikunja kwenye kiti cha dereva.

Mama naye hakukubali kupanda kitanda chetu, kwa sababu kitanda cha mkwe hakipandwi. Alilala kwenye mkeka. Na mimi ningewezaje kulala juu, mama yangu yuko chini? Nikashuka mkekani pamoja naye, na binti yetu Nadine, na wale watoto wawili. Kwa hiyo katika nyumba isiyo na nafasi hata ya kugeuka, kitanda kizuri cha mvule, mbao tupu bila godoro, kililaliwa na mabunda ya nguo. Kila mtu alimheshimu mwenzake, na matokeo ya heshima hiyo ni kwamba mimi sikuwa na mume.

Nilijaribu kusema. "Mama, huyu mutu mugongo yake inaharibika mule mu lori."

"Apana, mwanangu," mama alijibu. "Vita imenitosha. Usiniongezee na haya."

Siku moja mchana Fideli alikuja kwenye cherehani yangu. Mimi hushona mapazia na mifuko ya magodoro. Bosi wake wa zamani, mzungu aliyeondoka mambo yalipochacha, alikuwa ameacha mashua ndogo ya tanga Kibenga, na sasa ameiuza kwa mwenye nyumba ya wageni huko Kigoma. Alimwomba Fideli aipeleke, maana ndiye aliyekuwa akiitunza na kuiendesha naye kila Jumapili. Barabara ya kusini ilikuwa ya kuviziwa na kuchomewa magari. Ziwa ndilo lililobaki.

"Iko na kachumba ndani," Fideli alisema. "Mutu na bibi yake wanaenea mule."

"Bibi gani?"

"We, Mama Nadine. Kwani niko na wangapi?"

Aliniletea kamba yenye mafundo mawili, moja la urefu na moja la upana. Nikakata sponji kwa vipimo hivyo, nikashona mfuko wa kitambaa cha maua kilichosalia kwenye pazia la mteja. Wiki nzima nilishona nikiimba. Mama alinitazama, akaenda kukaa nje na watoto.

Kibenga, asubuhi. Huko kusini mwa mji nyumba zina kuta ndefu na walinzi, na ziwa linaonekana kana kwamba hakuna aliyewahi kuuawa pembeni yake. Askari wawili walitusimamisha ufukoni. Mmoja alisoma karatasi yetu ya ruhusa, mwingine alilibonyeza godoro kwa kiganja.

"Munaenda ku vita ama ku arusi?" aliuliza.

"Ku arusi," nilimjibu, na kwa kweli sikumdanganya sana.

Niliingia ndani ya chumba cha mashua nikapigwa na butwaa. Fideli alikuwa amepima upana wa nyuma, kwenye mlango. Hakuniambia kwamba mbele, kwenye omo, chumba kinabanana mpaka kinaisha kwa ncha. Wala hakutaja kwamba mlingoti umepita darini na mguu wake umesimama katikati kabisa, pale ambapo mke na mume hukutana. Godoro langu la pembe nne liliingia nusu tu, likajikunja.

"Kamba yako ilikuwa imelewa?" nilimuuliza.

"Tutapanga, Mama Nadine. Twende kwanza."

Tulikwenda. Mchana kutwa upepo ulikuwa mdogo na Fideli akawa anawasha injini ndogo ya nyuma, anaizima, anaiwasha. Milima ya Burundi ilikuwa upande wetu wa kushoto, mizuri ajabu, na mara mojamoja moshi ulipanda ambao haukuwa wa jikoni. Mkataba wa amani ulikuwa umekwisha kutiwa sahihi Arusha, lakini naona milimani barua hiyo haikufika. Tulikaa mbali na nchi kavu, tukala ubugali baridi na samaki.

Kuhusu usiku wa kwanza nitasema kifupi. Tuliingia omoni, vichwa huku, miguu kule kwenye ncha. Miguu minne ikigombea nafasi ya mmoja, na mlingoti ukiwa kati yetu mithili ya shemeji mkubwa aliyekuja kusuluhisha. Fideli akigeuka, kiwiko chake kinanipata jichoni. Nikijisogeza, maji yanayotona kwenye tundu la mlingoti yananiingia shingoni. Mwishowe alichukua shuka akaenda kulala kwa kukaa, mlangoni, mikono kwenye usukani. Niliona kisogo chake nikalia kwa hasira. Nilikuwa nimemfuata ziwani, bado alilala kama dereva.

Rumonge, asubuhi iliyofuata. Tulipokelewa na Mama Zuhura, muuza mawese ambaye hununua mapazia yangu akija mjini. Alitupa chai na mihogo, akatuuliza mbona macho mekundu. Nikamweleza yote, kwa kuwa mwanamke mwenzangu akiniuliza juu ya kulala siwezi kunyamaza. Alicheka mpaka akashika ubavu, kisha akaingia mwenyewe ndani ya mashua na mwili wake mkubwa, mashua ikainama.

"Mbele ni fasi ya kamba na nanga," alisema. "Mutu analala katikati. Mabenchi haya mawili muliyaona ni ya kupambia?"

Kweli, nyuma ya mlingoti kulikuwa na mabenchi mawili yanayotazamana, na njia ya kupita katikati. Mama Zuhura aling'oa mbao kwenye kichanja chake cha kuanikia ndagala, wale dagaa wa ziwani, akampa Fideli. Zilinuka ndagala; hadi leo nadhani zinanuka. Fideli alizilaza juu ya njia ile, benchi hadi benchi, akazipigilia vijiti chini zisiteleze. Mimi nilikaa mchangani na kisu cha mkate, nikalikata godoro upya: pana mabegani, jembamba miguuni, vipande vilivyobaki nikavishonea pale palipopungua. Wanawake wa pwani walikusanyika kunitania. Mmoja aliuliza kama nashonea jeneza, maana umbo lilikuwa lilelile. Tulicheka sote.

Nyanza-Lac. Tulitia nanga jua likiwa bado halijazama, mahali penye maji tulivu. Nilitandika. Fideli alivua viatu. Nataka mjue maana ya jambo hili: kwa muda wote wa vita sikuwa nimemwona akilala bila viatu, wala mimi mwenyewe. Alinyoosha miguu yake yote, nikasikia mifupa ya mgongo ikilia mmoja baada ya mwingine, akasema, "Ee Mungu." Tulilala. Mashua ilitutikisa kidogo tu. Alikoroma vibaya sana, nami nilibaki macho kwa makusudi ili nimsikie, kwani nilikuwa nimesahau sauti ile na hakukuwa na mtu wa kuona aibu. Nilikuwa na raha. Nasema wazi kwamba nilikuwa na raha, na mbao zilinuka ndagala.

Kigoma. Mwenye nyumba ya wageni, Mzee Rajabu, alikuja gatini amevaa kanzu safi. Alizunguka mashua, akagonga ubavu, akachungulia ndani.

"Shemeji, kitanda hiki nani kakitengeneza?"

"Sisi," nilimjibu kwa majivuno.

"Basi neema. Natafuta mtu wa kuitunza na kulala humuhumu, wezi wa hapa hawana simile. Bwana, wewe si unaijua?"

Fideli alijibu kesho yake, tukiwa tumekaa kwenye lile godoro, miguu imening'inia.

"Mama Nadine, mi nabaki."

"Mpaka lini?"

"Mpaka vita iishe."

"Vita, ama mama yangu?"

Aliangalia mikono yake. "Kule mi niko mugeni. Nakula inje, nalala mu lori. Huku niko na fasi. Lete Nadine, mukae na mi."

"Na mama? Na watoto wa kaka?"

"Waje."

"Mama atalala wapi, Papa Nadine?"

Tuligeuka sote wawili tukakitazama kitanda. Kilikuwa kimoja, ndani ya chumba kimoja. Ningeweza kumkasirikia, lakini nilikuwa nimeusikia mgongo wake ukinyooka.

Kisha likaja jambo dogo lililoniuma kuliko lile kubwa. Mzee Rajabu alitaka benchi moja libaki wazi mchana, wageni wake wakae wakitembezwa ziwani. Kwa hiyo kitanda kipunguzwe, kiwe cha mtu mmoja. Fideli alichukua kisu. Nilimnyang'anya, kwani asingejua kukata. Nikaligawa godoro kwa urefu, polepole, maana sponji ikikatwa kwa hasira inachanika. Nusu yake niliishonea mfuko, nikaitandika juu ya benchi, nikabonyeza pembe zikae. Nusu yangu niliikunja nikaifunga kwa ile kamba yenye mafundo mawili.

Nilirudi na meli ya mizigo, nimekaa juu ya magunia. Tulipita mbele ya Nyanza-Lac mchana na sikugeuza kichwa. Bandarini Bujumbura askari hakubonyeza godoro wala hakutania.

Watu wa mtaani waliniuliza safari imenifunza nini. Nimejifunza kukata godoro la mashua. Na nimejifunza kwamba nilimtafutia mume wangu mahali pazuri pa kulala, nikapapata, nikapashona kwa mkono wangu, akapapenda.

Mama alinisubiri mlangoni. Alitazama nyuma yangu, njiani, kisha akalitazama furushi.

"Mukwe wangu iko wapi?"

"Amebaki Kigoma. Amepata kazi na fasi ya kulala." Nikapita hadi chumbani, nikaanza kushusha mabunda kutoka kitandani. "Sasa hayuko, mama. Panda ulale vizuri."

"Atarudi?"

"Sijui."

"Basi bado ni kitanda yake," mama alisema, akautandaza mkeka.

Nililitandika nusu godoro langu upande wa ukutani, upande wangu. Upande wa pili zilibaki mbao tupu. Kisha nikashuka chini, nikalala karibu na mama.