Pampu ya Mwaitu na Wafalme wa Ulaya

Juzi hapa Nunguni lori lilimwaga mchanga mbele ya nyumba ya jirani anayejenga. Mchanga ulikuwa bado na maji, na ile harufu yake ya ubaridi, kama chungu kipya, ilinisimamisha na ndoo mkononi. Kwanza nilijiuliza umechotwa mto gani na kwa ruhusa ya nani. Ndivyo nilivyo, mimi hushuku kwanza, kisha nasalimia. Halafu nikamkumbuka mwaitu, yaani mama yangu, na mwaka nilipokuwa darasa la saba kwetu upande wa Tulia.

Mto wetu ulikuwa mchanga mtupu juu, maji yamejificha chini. Akina mama wa mwethya, kile kikundi cha kulimiana kwa zamu, leo kwa huyu kesho kwa yule, walijenga ukuta wa mawe kukatiza mto ili mchanga ujae na maji yakae. Kisha wakaweka pampu ya mkono ukingoni, ikafungwa kwa mnyororo na kufuli. Mwaitu akachaguliwa mwenyekiti, na ufunguo ukaning'inia shingoni mwake hata kanisani. Alikuwa mchapakazi, hilo silikatai. Jiwe zito kuliko yote kwenye ukuta ule alilibeba yeye. Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwaka wa kwanza aliwauliza wenzake pampu ifunguliwe saa ngapi. Wa pili aliwatangazia. Wa tatu walikaa tu wakingoja kumwona akiteremka. Rafiki yake Mama Kyalo, aliyenipokea mimi siku niliyozaliwa, ndiye aliyemshikia kiondo, kikapu chake cha kusukwa.

Sheria ilikuwa mitungi minne kwa kila boma, na isichotwe kabla ya jua kutoka. Sisi tulichota sita, na jua lilitukuta tumeshafika nyumbani. Najua kwa sababu mimi ndiye niliyemswaga punda. Aliyewahi kutuona ni Mama Kyalo peke yake, maana alirauka kwenda shambani. Alimtazama punda, akatusalimu, akapita. Mboga zetu zilikuwa kijani mwezi ambao majirani walikuwa wakichuma magugu, na mimi nilizila kwa ugali bila kuulizwa na mtu.

Mwaka huo tulipata mwalimu kijana, Mwalimu Mutiso, aliyekuwa akingoja kuitwa chuo kikuu. Tukimaliza somo la siku, alifungua kitabu cha sekondari akatusimulia wafalme wa Ulaya ya zamani. Alituambia kuhusu mfalme wa Ufaransa aliyejiona amewekwa na Mungu, kwa hiyo hakuna binadamu wa kumwuliza kitu, na jinsi mabwana wakubwa walivyogombea heshima ya kumpa shati asubuhi. Niliposikia habari ya shati nikakiona kiondo cha mwaitu mkononi mwa Mama Kyalo. Akatuambia kwamba Waingereza walimkata kichwa mfalme wao aliyekataa kusikiliza bunge, na kwamba miaka mingi baadaye waliwaalika mfalme na malkia wapya, lakini wakawasomea kwanza orodha ya mambo ambayo hawataruhusiwa kufanya. Tena kulikuwa na Poland, ambako mjumbe mmoja akisema sikubali, kikao kizima kinavunjika. Tulicheka sana habari ya Poland.

Siku moja akatupa kazi ya kuandika juu ya mtawala tunayemjua ambaye hakuna wa kumwuliza. Wenzangu waliandika juu ya simba na Farao. Mimi niliandika juu ya mwaitu, ukurasa mmoja na nusu, pamoja na punda na mitungi sita. Sikuwa na kinyongo naye. Nilitaka alama, na nilijua darasa zima halina mfano kama wangu. Nikapata kumi na nane kwa ishirini, mbili zikiwa zimekatwa kwa ajili ya mwandiko.

Ambacho sikukifikiria ni kwamba Mwalimu Mutiso alisahihishia vitabu mahali alipopanga, nyumbani kwa Mama Mwende, na Mama Mwende alikuwa mtu wa kusoma chochote kilichoachwa mezani.

Jumamosi iliyofuata mwethya ilikuwa ikichimba matuta shambani kwetu. Nilikuwa nikiwagawia uji Mama Mwende aliposimama akapangusa mikono.

"Mwenyekiti, tuko na swali. Tunasikia iko maji inatoka kabla jua itoke."

"Nani amesema?" mwaitu akauliza.

"Si mambo ya nani. Ni kama ni kweli."

Mwaitu alizipitia nyuso za wenzake moja baada ya nyingine, taratibu, mpaka akafika kwa Mama Kyalo, na hapo macho yake yakakaa. Mimi hakunitazama hata kidogo. Uji ulimwagika ukanichoma, nami nikaendelea kugawa. Mama Kyalo alifungua mdomo kama mtu anayetaka kusema kitu, kisha akaokota jembe lake. Mwaitu akavua ufunguo shingoni akauweka juu ya tuta.

Walimwachia uenyekiti, lakini walimwekea masharti kama wale Waingereza. Pampu ikafungwa kwa kufuli tatu, na funguo zikashikwa na watu watatu: mwaitu, Mama Mwende na bibi mmoja mzee asiyesahau kitu. Wiki ya pili bibi huyo akaenda kwenye matanga Matiliku na ufunguo kifuani. Siku tatu kijiji kizima kilirudi kukwangua mchanga kwa vikombe, kila mtu akimshuku mwenzake kwamba ndiye aliyeleta wazo la kufuli tatu. Mwalimu Mutiso alicheka mpaka akakaa chini, akasema sasa tumehamia Poland. Baada ya hapo walikubaliana kwamba anayesafiri amkabidhi jirani ufunguo mbele ya mashahidi, na pampu ikaendelea vizuri, vizuri kuliko zamani, sina budi kusema.

Kitu ambacho hakikuendelea ni urafiki wa mwaitu na Mama Kyalo. Mwaitu aliacha kumsalimu. Akimwona njiani alikata kona kupitia shamba la mtu. Mama Kyalo alikuja nyumbani mara mbili, akasimama langoni, akaondoka. Mimi nilikuwa nikimchungulia nyuma ya pazia, nikijiambia kwamba nitasema kesho. Miaka ikapita hivyo, mingi kuliko ninavyopenda kuhesabu.

Mwaka juzi tulimzika Mama Kyalo. Mwaitu alikaa nyuma kabisa, akalia huku amejifunika leso usoni. Tukirudi nyumbani sikuweza tena kuvumilia, nikamwambia kwamba ni mimi niliyeandika.

"Najua," akasema. "Mwalimu alikuja kuniomba msamaha hiyo wiki tu."

Nikasimama. Nikamwuliza kwa nini basi hakumsalimu mtu asiye na kosa maisha yote yale.

"Ningemsalimia, angeniuliza ni nani alisema. Yule mtu mimi singeweza kumdanganya. Na ikijulikana, wewe ungeishi aje hapa? Msichana wa kuuza mamake, nani angekuingiza kwake?"

Akaendelea kutembea, na mimi nikabaki nyuma nikiwa na haya ambayo bado ninayo. Utotoni nilidhani nilikuwa upande wa wale Waingereza na orodha yao. Mama yangu aliulizwa mbele ya watu wote, akavua ufunguo. Mimi, wanawake wawili walinilipia kwa urafiki wao miaka yote hiyo, na hakuna aliyewahi kuniuliza.